Mtutu Ndani ya Wanzuki

Fundi Adinani wa Isevya alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: mikono inayojua chuma, na koo. Adhana yake ilitoka Tabora alfajiri ikafika Kaliua mchana, imepumzika Urambo ikanywa maji. Msikiti uliponunua kipaza sauti, alisimama mbali nacho asije akakipasua. Miaka ishirini na miwili ndiye muadhini, na funguo za msikiti zilikaa mfukoni mwake. Kati ya swala na swala alikuwa uani kwake akitengeneza pampu, vitasa, na mara mojamoja gobore la mtu mwenye kibali.

Gobore lililomtia matatani lilikuwa la Ngollo, mrina asali wa Sikonge. Ngollo alidai lilikuja na misafara ya kwenda Ujiji, na kwamba babu yake alilifyatua mara moja tu, twiga watatu wakaja kuomba radhi. Sasa mkwewe, mpenda vinavyong'aa, alikuwa amelipaka rangi ya paa la nyumba. Rangi ikavimba, ikabanduka kama ngozi ya mjusi, kutu ikaota chini yake. Ngollo alipokwenda kuhuisha kibali, polisi hawakuiona namba. "Lirudishe likiwa linasomeka," wakamwambia.

Alilileta kwa baiskeli, limefungwa guniani, pamoja na dumu la wanzuki, pombe ya asali.

"Mie sinywi, Ngollo, na unajua."

"Hata mimi hii sinywi, fundi. Ilichacha zamani, imekuwa siki. Nasikia inakula kutu."

Inakula kweli. Kazi ilipofika zamu yake, wiki mbili baadaye, Adinani aliuchokoa mtutu kwa ufito mpaka akahakikisha ni mtupu, akautenga na kitako chake cha mti, akaing'oa rangi kwa maji ya majivu yaliyochemka. Kisha akaliziba bomba la plastiki upande mmoja, akautumbukiza mtutu, akamimina wanzuki mpaka juu. Mapovu yakaanza kupanda. Kila baada ya muda aliutoa, akausugua kwa gunzi, akaurudisha. Weusi wa kale na kutu vikatoka pamoja kama tope.

Shida ilikuwa harufu. Siku ya pili Mzee Sabiri, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alikaa karibu yake swala ya alfajiri. Akanusa. Akavuta subira. Akanusa tena. Saa nne asubuhi akaingia uani na wazee wenzake wanne, wakamkuta na Ngollo ameegemea ukuta, amekuja kuulizia gobore lake.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Muadhini, unanuka kilabu."

Adinani akaonyesha bomba. "Ni siki ile, mzee. Naloweka chuma."

"Huyo Ngollo hapo ukutani huiuza hiyo hiyo mnadani, na watu hurudi nyumbani kwa magoti."

"Hiyo huwa haijageuka."

"Na nani kasema hii imegeuka?"

Hapo pakawa na kazi. Pombe ikigeuka yenyewe ikawa siki, si haramu. Hilo wazee wote walilijua. Lakini aonje nani? Ikiwa siki, salama. Ikiwa pombe, keshailamba. Wakalizunguka dumu kama kuku waliomwona nyoka, kila mmoja akimwachia mwenzake thawabu.

Adinani akazipapasa funguo mfukoni. Sabiri alikuwa na mpwa wake anayeitamani kazi ile, mwenye sauti ya mbuzi aliyetumbukia kisimani. Funguo zikienda leo, atamsikiliza mbuzi huyo hadi Kiyama.

"Aonje Ngollo," mzee mmoja akasema. "Yeye hana cha kupoteza."

Ngollo akachota kikombe, akanywa, akafumba jicho moja. "Bado sina hakika. Niongezeeni."

Akaongezewa. Akafumba na la pili.

"Haya, sema," Sabiri akamhimiza.

"Mzee wangu, jambo hili linataka kikombe cha tatu."

"Huyu si mzani," Sabiri akasema. "Huyu alikunywa maji ya betri akalalamika hayana sukari." Akanyoosha mkono. "Adinani, funguo."

Adinani alikuwa keshazitoa mfukoni, Tatu mkewe alipotokea jikoni akijifuta mikono kwa kanga.

"Shikamooni wazazi wangu. Dumu hili likiwa na pombe, aliyekula kilichotiwa humo ana dhambi?"

"Kubwa, mwanangu."

"Basi motoni tutakwenda kwa msafara. Kachumbari ya hitima ya mama, Ijumaa iliyopita, niliitia siki ya humo humo." Akamgeukia Sabiri kwa adabu zote. "Wewe mzee uliomba bakuli la tatu, ukanywa na maji yake. Ukasema mkono wangu una baraka."

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akakumbuka ana mgonjwa wa kwenda kumtazama. Sabiri akainama juu ya dumu, akanusa kwa tundu moja la pua, mtaalamu kabisa.

"Siki," akasema. "Siki safi. Mtoto mdogo anaijua." Akaurudisha mkono wake ndani ya kanzu, akatoka, na wenzake nyuma.

Adinani akauchomoa mtutu. Ulikuwa wa kijivu, uchi, kama ulivyotoka kwa mhunzi, na namba yake yasomeka. Akausuuza kwa maji ya magadi, akaukausha, akaupasha moto kidogo na kuupaka nta ya nyuki kabla kutu haijarudi. Ngollo alikuwa amelala ukutani, mdomo wazi, anakoroma.

Adinani akamtazama Ngollo, akalitazama dumu, kisha mkewe.

"Tatu. Siku ya hitima si nilikuletea ndimu za kachumbari mimi mwenyewe? Kapu zima?"

"Saa sita na nusu hii, baba," Tatu akasema. "Nenda kaadhini."