Bakuli ya Bendera

Siku yangu ya kwanza ya kazi, kule Louisville, Amerika, bosi alinipa sahani kumi na karatasi, akasema: "Funga." Nikafunga kama mayai ya kupeleka soko la Goma: moja-moja, wima, hapana kulalisha. Akatikisa kasha. Kimya! Akacheka: "Mama, nani alikufundisha?"

"Kuku, bosi!"

Donc njo kazi yangu ile: kufunga vyombo vya zamani, visivunjike mu njia. Nikakaa kule Louisville, mutaa wa Highview, miaka miwili, halafu kampuni ikanipeleka Columbus.

Columbus njo nilikutana na ile bakuli. Kubwa kama besheni ya kuogesha mutoto, imetoka China ya zamani za wafalme. Inazungukwa na picha za nyumba pembeni ya mto, kila nyumba na bendera yake. Meneja wa stoo, mama mupole sana, akanieleza: "Baingereza, Bafaransa, Baholanzi, bote balikuwa banagombania chai na hariri. Mufalme wa China akabaweka pale, inje ya ukuta wa muji. Ndani, hapana kuingia."

Eh! Nilimupenda ule mufalme. Bazungu banangoja kwa mulango kama sisi mu kambi ya wakimbizi tunangoja unga!

"Kisha balirudi na mizinga," meneja akasema.

Bon. Lakini zile bendera zote, Bachina njo balizichora, na mukono haukutetemeka.

Bakuli ilipaswa kwenda Buffalo. Sheria yetu: mwenye kufunga anaweka sahihi kwa ripoti ya hali, karatasi ya kusema chombo kiko kizima ao kiko na kasoro. Kikifika na ufa wenye haukuandikwa, kazi yako imekwisha. Na mimi nilikuwa nalisha wajukuu wanne.

Karatasi ilisema: nzima. Nikaigonga na kidole, ko! ko!, vile tunanunuaka chungu kwetu.

Meneja akaruka. "Mama, acha! Unataka kupoteza kazi?"

"Bosi, nzima inaimba. Hii inakohoa. Kazi itapotea nikiweka sahihi."

Akaleta taa, akainama. Chini ya bendera ya Baingereza: ufa, umezibwa na gundi. Fundi wa zamani, mukono safi kabisa! Meneja akafuta "nzima", akaandika ufa. Njo nikaweka sahihi. Bakuli ikafika Buffalo vile ilitoka.

Mimi pia nikaifuata Buffalo, nikamalizia kazi huku. Sasa napumzika mu mutaa wa Black Rock, miguu juu ya kiti. Juzi simu ikalia. Ni yeye meneja wa Columbus, hata salamu hapana:

"Mama, sikiliza." Akagonga chombo: ko! ko! "Inaimba ao inakohoa?"

"Inaimba, mwanangu. Weka sahihi."