Nyumba Niliyoipima kwa Hatua

Chekeni tu, maana hata mimi ningecheka kama aibu hii ingekuwa ya mtu mwingine. Ila mnicheke mkijua kwamba nia yangu ilikuwa njema kabisa.

Mchumba wangu Nduku, msichana wa Machakos, alikuwa amekataa katakata kuamini kwamba nililelewa Makongeni, mtaa wa makabwela huko Eastlands jijini Nairobi, chumba kimoja, watu saba, baba akiwa karani wa reli. (Anasema mtu anayekula chapati kwa uma hawezi kuwa wa Eastlands.) Basi Jumamosi moja nikampakia kwenye pikipiki yangu kutoka mtaa wa Tena ninakoishi, nikamwambia leo twende ukajionee mwenyewe. Tulipofika jua lilikuwa linachoma, lakini nikaona uvivu kuvua lile koti la kijani linalong'aa ambalo huwa nalivaa barabarani. Laiti ningelivua.

Nyumba yetu nikaiona, mlango wazi, pazia limeshushwa. Nduku akaitazama, akanitazama.

"Watu saba humu? Mutua, acha uongo."

Hapo ndipo shetani aliponiingia. Badala ya kupiga hodi kama mtoto aliyefunzwa adabu, nikaanza kuipima nyumba kwa hatua kutoka kona hadi kona, nikihesabu kwa sauti, huku nikimwonyesha Nduku kwa mkono ukuta unaanzia wapi na unaishia wapi, naye akipiga picha kwa simu. Nilichosahau (na nilikuwa najua, nchi nzima ilikuwa inajua) ni kwamba watu wa mtaa ule walikuwa wamekaa miezi mingi wakisikia kwamba nyumba zitabomolewa, na hakuna aliyewaambia ni lini. Sasa ukiona mwanamume mwenye koti la kung'aa anapima kuta na mwenzake anapiga picha, wewe ungefikiria nini?

Mama mmoja aliyekuwa akifua kwenye mfereji alisimama, mikono imejaa povu.

"Wamekuja!" akapiga kelele.

Kufumba na kufumbua tukawa tumezungukwa, na kijana mmoja ameshachomoa ufunguo wa pikipiki yangu. Wakatusukuma hadi pale mferejini.

"Nani amekutuma?" akauliza yule mama.

"Hakuna, mama. Mimi nililelewa hapa."

"Hata yule wa mwezi uliopita alisema alilelewa hapa."

Nikaona maji yamezidi unga, nikaamua kujiokoa kwa Sheng, lugha ya vijana wa mtaani. "Wasee, niaje! Si mimi ni beshte yenu, acheni noma!" Vijana walicheka hadi wakashikana mabega. "Huyu buda anabonga kama fathe yangu!" mmoja akasema, yaani naongea Sheng ya enzi za baba yake. Nduku, mchumba wangu ninayempenda, akasogea kando kidogo, kama mtu aliyekutana nami hapo hapo.

Ndipo akatokea Mama Zuhura, jirani yetu wa zamani, yule aliyekuwa akituuzia mahamri. Amezeeka, lakini buibui ni lile lile. Akanishika kidevu.

"Hebu nikuone. We si Mutua wa Mama Mutua?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba." Kisha akawageukia wote, kwa sauti ya kufika Makadara: "Jamani, mwacheni, huyu ni mtoto wetu! Alikojoa kitandani hadi darasa la sita, godoro lake tukiliona juani kila asubuhi!"

Kicheko kilichofuata sitaki kukieleza. Nilirudishiwa ufunguo. Nduku alikuwa ameinama, mabega yanamtetemeka kwa kucheka.

Ningefurahi kama mkasa ungeishia hapo. Lakini tulipogeuka, mbele ya nyumba yetu palikuwa na mama kijana, anayeishi humo siku hizi, na wakati sisi tunazozana mferejini yeye alikuwa akitoa vitu nje peke yake. Sufuria, jiko, sare za shule za watoto, kitanda ameshakifungua mbao. Jasho linamtoka, hata kicheko hakukisikia. Moyo uliniuma, jamani.

"Dada, nisamehe," nikamwambia. "Hakuna anayebomoa. Ni mimi tu."

Akasimama na mbao mkononi.

"Hakuna anayebomoa leo," akasema, "ama hakuna anayebomoa?"

Wote waliokuwa wakicheka wakanigeukia, kana kwamba huenda kweli nilikuwa najua.

Nikavua lile koti, nikashika upande mmoja wa mbao za kitanda, Nduku akashika wa pili, tukarudisha kila kitu ndani hadi sufuria ya mwisho. Tangu siku hiyo nimeapa: nyumba ya mtu nitaipigia hodi, nisubiri nikaribishwe, hata kama ni mimi niliyelelewa ndani yake.