Simu Ambayo Sikupiga

Kibanda changu cha kunyolea kiko kando ya daraja, nje kidogo ya Kiriaini ukielekea Othaya. Kwa kuwa nashinda hapo mchana kutwa, baraza la chifu lilinipa kazi moja. Vijana walipaka mstari mwekundu kwenye nguzo ya daraja. Maji yakiufikia, nipigie simu nyumba tatu zilizo bondeni, watu wahame na mifugo yao. Nilikubali mbele ya wote, wakanipigia makofi.

Alasiri moja ya mwezi wa nne ilishuka mvua ya mawe. Wateja wanne walikuwa wamejibanza ndani ya kibanda. Mto uligeuka rangi ya chai ya maziwa, ukabeba migomba na mlango wa choo cha mtu. Tuliuona ule mlango tukacheka. Nilitoka nimejifunika gunia, nikachukua video huku bado nacheka. Mstari mwekundu haukuonekana tena, na niliona kwamba hauonekani. Nikaiweka video kwenye stetasi yangu ya WhatsApp na kuandika, "Leo mto umeamka." Nikajiambia watu wa bondeni wana masikio, mvua wanaisikia wenyewe. Halafu nikaanza kuwajibu walionisifu.

Asubuhi yake tuliitwa kuchimba shimo. Mama mmoja mjane, anayekaa nyumba ya kwanza chini ya daraja, alikuwa amepoteza ng'ombe wake wa pekee. Maji yalimkuta akiwa amefungwa zizini. Mama mwenyewe aliponea juu ya meza.

Alinijia nikichimba. Hakuwa na hasira.

"Kijana yangu, simu yako ilikuwa imezima?"

Alinipa uongo mkononi kabla sijautafuta.

"Ndiyo, Mama. Stima ilipotea, chaji ikaisha."

"Nilijua tu. Ningepata hata dakika kumi, ningemfungua."

Akaniletea kikombe cha uji, akaniomba radhi kwamba hauna maziwa. Nikaunywa wote.

Baada ya siku tatu baraza lilikutana. Mzee mmoja aliuliza kwa nini nyumba za bondeni hazikupigiwa simu. Kabla sijafungua mdomo, yule mama alisimama.

"Huyu msimlaumu. Simu yake ilikuwa imezima."

Binti yake alikuwa amekuja kutoka Nanyuki kumjulia hali, akaketi karibu naye. Tulisoma pamoja shule ya msingi, na namba yangu anayo. Alimtazama mamake, akatoa simu, akamwekea mbele ya macho. Nilisikia maji yakinguruma, kisha kicheko changu. Binti alikuwa ameihifadhi ile video ya stetasi yangu, na Mama aliitazama mpaka mwisho.

"Ati kumbe ilikuwa na chaji," akasema polepole, akaketi.

Heri angenipiga kofi. Nilisimama nikajaribu kueleza, nikaanza na mawe ya mvua, nikaenda kwa wateja waliojaa kibandani. Mzee akanikatiza.

"Sema tu kwamba hukupiga."

"Sikupiga," nikasema. "Na nilimdanganya Mama."

Kazi ile alipewa mwanamke mwenye mashine ya kusaga unga ng'ambo ya daraja. Mimi nikapewa jembe. Kila Jumamosi nazibua mitaro na wenzangu, na tumepanda mianzi kwenye kingo. Hakuna anayenitukana. Mama ananisalimia vizuri tukikutana sokoni, ananiuliza habari za nyumbani, na mimi naangalia viatu vyangu nikijibu. Hajawahi tena kuniita kijana yake.

Msimu uliofuata maji yalipoanza kupanda, nilishindwa kuvumilia, nikampigia. Alipokea mara moja.

"Mama, mto unajaa."

"Nimeshaambiwa," akasema. Nyuma yake nilisikia watu wakiburuta vyombo na mtu akiita mbuzi. "Asante."

Akakata. Mteja alikuwa ameketi kitini akiningoja, nusu ya kichwa imenyolewa, akaniuliza ni nani huyo niliyekuwa nikimpigia.