Msonge wa mama mkwe ulivyokufa kwa kukosa moshi

Wakuu, salamu kwenu. Walio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamjazitoa.

Nimesoma ule uzi wa majengo ya kale ya Tanga mjini, mnavyosifia madirisha na ngazi. Mazuri. Ila hakuna aliyeuliza nani analala humo.

Shule niliishia la nne, makosa yarukeni. Ninayosema niliyaona mwenyewe.

Ilikuwa enzi za ruksa. Sisi tunakaa milimani, njia ya kwenda Mtae. Karoti na kabichi zilipoanza kushuka Mombo kwa malori, kila mtu akaezeka bati. Msonge ukabaki mmoja, wa mama mkwe wangu. Nyumba ya duara, nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi, moto katikati, mbuzi upande mmoja. Ukitoka humo unanuka moshi hadi kesho.

Harufu ile naitamani mpaka leo.

Watalii nao wakaanza kuja. Kijana mmoja akawa anawaleta waone nyumba ya asili. Mama mkwe hakuwa na neno, mradi waseme "onga mshi", salamu yetu ya mchana. Asiyesalimia haingii.

Shida ikawa moshi. Wageni wanatoka na machozi. Yule kijana akamwendea mume wangu:

"Baba, mjengee bibi nyumba ya bati hapo pembeni. Huu msonge tuufagie, usipikiwe tena ndani, utunzwe."

Mama mkwe akasikia. "Kwa hiyo uchafu ni mimi?"

"Mama, kifua chako hicho," mume wangu akasema. "Hamia pakavu."

Akahama.

Msonge ukafagiwa, ukapendeza kweli. Mbuzi nje, moto hakuna.

Sasa sikieni. Nyasi za msonge zinalindwa na moshi. Ndio unaofukuza wadudu na kukausha unyevu, na ukungu wa milima yetu mnaujua. Hatukuwahi kuliwaza hilo, maana hakuna aliyewahi kuona msonge usiopikiwa ndani.

Masika ya pili paa likaota uyoga. Tukatafuta nyasi za kuezekea upya, wapi! Kila kilima ni karoti. Mvua ikauketisha msonge chini wote.

Kijana akaja na wageni, akashika kichwa. "Bibi, sasa niwaonyeshe nini?"

"Waonyeshe mlichotunza."

Kisha mama mkwe akaanza kuokota fito na nguzo za msonge, akazianika juani. Zilipokauka akapikia ugali, akatuita wote.

Mume wangu alinawa, akakaa, akautazama ule ugali. Hakumega hata tonge.

"Kula, mwanangu," mama yake akamwambia. "Umeiva vizuri."

Nilichojifunza ni hiki: ukimtoa mwenye nyumba ili uitunze nyumba, hujatunza kitu.

Mwenye bibi anayeishi bado kwenye nyumba ya kale aje aseme hapa. Aseme na moto kama unawaka. Na msalimie kwanza.