Kiti cha Msemaji na Chupa ya Habasoda

Mzee Anatoli Nduwayezu wa Rungwe Mpya alikuwa mkulima wa maharage, mzee wa kanisa na msemaji wa ukoo wao katika shughuli za posa. Kazi mbili za kwanza alizifanya vizuri. Katika ya tatu, mwaka juzi, alilisahau jina la binti aliyekuwa akiposwa, akataja la ng'ombe wake wa maziwa. Binti aliolewa, lakini mpaka leo mawifi wanamwita Kagaju.

Ilipofika zamu ya Divine, binti wa mdogo wake Pasikali, kuposwa na Raymond wa Kibondo, Divine mwenyewe alimfuata shambani.

"Baba mkubwa, nakuomba. Jina langu ni Divine."

"Nalijua, mwanangu."

"Hata siku yenyewe?"

Swali lile lilimchoma. Kesho yake alikwenda Kasulu mjini, dukani kwa Khatibu, muuzaji wa dawa za asili. Khatibu alimpa chupa ya mafuta ya habasoda, zile mbegu ndogo nyeusi. Kwa maelezo yake, yalisaidia kikohozi, chunusi, usingizi wa mchana, kukosa usingizi usiku, na kumbukumbu.

"Kijiko kimoja cha chai, umeshakula," Khatibu alisema. "Yana nguvu hayo, mzee wangu. Na kama unatumia dawa za hospitali, waulize kwanza."

Anatoli, ambaye alikuwa akimeza vidonge vya presha, alisikia neno "nguvu" tu.

Alianza kwa kijiko. Akawa anacheua harufu kali kiasi kwamba mbwa wake alihamia kwa jirani. Anatoli alidai kumbukumbu inarudi. Mkewe, Veronica, alisema kinachorudi ni mafuta.

"Baba Leonidasi, umemuuliza muuguzi?"

"Muuguzi anajua nini kuhusu majina ya mabinti?"

Asubuhi ya posa hofu ilimzidi. Kabla ya kutia kitu chochote kinywani, alimimina mafuta katika glasi ya chai, akayanywa yote.

Sasa, ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Msemaji hukaa katika kiti cha mninga mpaka atoe jibu, na jibu halitolewi kabla msemaji wa wageni hajamaliza kueleza nasaba ya kijana. Msemaji akiinuka mapema, posa imekataliwa. Wageni hukusanya vitu vyao na kuondoka.

Mzee Niyongabo, msemaji wa wageni, hakuwa mtu wa haraka. Alianza na babu aliyemzaa babu wa Raymond. Alipofika kwa ndugu zake, tumbo la Anatoli lilinguruma kwa sauti nzito.

"Naam?" Niyongabo aliuliza kwa heshima.

"Endelea, mkwe wangu."

Niyongabo akaendelea. Jasho likamtoka Anatoli, akashika mikono ya kiti kama mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli isiyo na breki. Mlangoni, Divine alimtazama kwa macho ya kuomba.

"Tumekubali!" Anatoli akasema ghafla.

"Bado, mkwe. Sijafika kwa shangazi zake."

Veronica alielewa kila kitu. Akainama sikioni mwake. "Usithubutu kuinuka!"

Anatoli akafumba macho, akafikiri, akayafumbua.

"Raymond, mwanangu, mikono yako ni imara?"

"Ndiyo, baba."

"Nibebe. Pamoja na kiti."

Raymond na mwenzake wakakiinua kiti. Wakavuka ua, wakapita kina mama waliokuwa wakipika, wakakwepa kuku. Niyongabo, aliyekuwa hajapata kukatizwa nasaba maishani mwake, alitembea pembeni akiendelea.

"Shangazi wa tatu aliolewa Kitanga..."

"Fupisha, mkwe! Fupisha!"

Wakamtua mbele ya mlango wa choo. Niyongabo akavuta pumzi.

"Kwa hiyo, tunamwomba binti yenu."

"Tumewapa Divine!" Anatoli akapiga kelele. "Divine, binti wa Pasikali! Nimesema Divine!"

Hapo ndipo alipoinuka. Nje vigelegele vililipuka. Divine alicheka mpaka akalia, na Niyongabo akatamka kwamba mkwe wa kumbeba mzee umbali ule amekwisha kukubalika, vikao vingine ni vya kukamilisha tu.

Alipotoka, Anatoli alikuwa na kizunguzungu, akapelekwa zahanati. Muuguzi alimpima, akamweleza taratibu kwamba mafuta yale yanaweza kushusha presha, na yakikutana na vidonge vyake huenda ikashuka kupita kiasi. Kuyanywa mengi bila chakula kulimaliza kazi tumboni. Akamwagiza ayaache na arudi kupimwa tena.

Wiki iliyofuata Khatibu alimwona mjini akiwa na Veronica.

"Mzee wangu, vipi kumbukumbu?"

Anatoli alifungua mdomo. Veronica akamshika mkono. "Mwambie jina la shangazi wa tatu."

"Sijui," Anatoli akasema. "Lakini najua aliolewa Kitanga."