Mkono wa Kushoto Haupumui

Kikundi chetu cha muziki hufanya mazoezi katika ukumbi mmoja Makongeni, nacho hakina kinanda. Tuna fidla nne, marimba mbili alizochonga fundi wa vinyago, na vyombo viwili vya kupuliza: tromboni na tuba. Kwa hiyo Mwalimu alipoleta konseto ya enzi za baroki, muziki wa kale wa Ulaya ambamo kinanda hujibizana na fidla, alinipa kazi ya kukigawa hicho kinanda kwa vyombo tulivyo navyo. Alinichagua kwa sababu mwandiko wangu wa noti unasomeka. Kwamba mimi huandika polepole, mstari mmoja kwa jioni, hakuuliza, nami sikusema. Sisemi sana. Nilisoma mpaka darasa la nane, na huko nilikuwa naitikia jina langu tu.

"Konseto isipokaa sawa kufikia Jumamosi," Mwalimu alisema, "Jumapili, mbele ya majirani, tutapiga ule wimbo wetu wa kila siku."

Nilitaka sana majirani waisikie hii.

Mkono wa kulia wa mpiga kinanda niliwapa watu wa marimba. Wa kushoto, wenye sauti nzito, nilimpa mama wa tuba, ambaye huuza vitunguu kwa jumla na anaweza kuita lori kutoka upande wa pili wa soko. Jumatano alianza vizuri. Alipofika mstari wa tatu, macho yalikuwa yamemtoka. Akashusha tuba.

"Siste, hapa napumua wapi?"

Nikatazama karatasi. Noti zilifuatana ukurasa mzima bila nafasi. Nilizinakili zilivyo, na vidole havihitaji pumzi.

"Huyu anataka kukumaliza," akasema dereva anayepiga tromboni.

"Cheka tu. Nikizimia utanibeba pamoja na hii tuba."

Hilo la kubeba nilikwenda nalo nyumbani. Tulipohamia mtaa wa Pipeline, orofa ya saba, kabati tulilipandisha kwa kupokezana na majirani: mmoja haachii mpaka mwenzake ameshika. Nikaugawa mkono wa kushoto kati ya tuba na tromboni, vipande vifupi vifupi. Niliandika siku mbili, usiku na mchana, mpaka kidole kikaota sugu.

Jumamosi wakapiga. Kila walipopokezana palibaki shimo, na marimba zikajikwaa humo. Mwalimu akaanza kufungua mfuko wenye karatasi za ule wimbo wa kila siku.

Nikasimama. "Usiachie kabla mwenzako hajashika. Noti ya mwisho ya kila kipande pigeni wote wawili."

"Rudia," akasema dereva. "Sauti yako bado hatujaizoea."

Nikarudia, kwa nguvu kidogo.

Safari hii mashimo yalizibika. Sauti nzito ilitembea chini ya marimba mpaka mwisho, na mama wa tuba akabaki na pumzi ya kumcheka dereva, aliyekuwa akihema.

Mwalimu akatoa karatasi zote za ule wimbo wa kila siku, akanikabidhi.

"Nyuma ni nyeupe," akasema. "Andikia hapo sehemu ya pili ya konseto. Na uanze leo, nakujua."