Mzee Kwok, Aliyewaita Watu kwa Kazi Zao

Siku Cikuru, mkimbizi kutoka Bukavu aliyekuja kuomba kazi, alipomwona Mzee Kwok kwa mara ya kwanza, mwaka 2014, mzee huyo, mpishi mkuu wa mkahawa mmoja wa Kichina pale Black Rock, Buffalo, alikuwa amepanda juu ya kreti akigombana na feni kwa Kikantoni. Alimkagua Cikuru, akamwonyesha sinki. "Sai-wun-lou!" Yaani, jamaa wa vyombo.

Mwaka mzima jina likawa hilo. Kwa mzee hakuna aliyekuwa na jina la ubatizo. Polisi aliyekuja kula tambi aliitwa chaai-lou, dereva wa kupeleka vyakula akaitwa si-gei-lou.

"Bon, Baba Précieuse," mkewe Emérence alimcheka, "umevuka bahari ili uitwe Jamaa wa Sahani?"

Cikuru alitaka kitu kimoja tu, kupika. Lakini alikuwa na miaka arobaini na sita na elimu ya darasa la sita, na haya ilimzuia kuomba.

Jikoni mle, saa tisa alasiri, mmoja huwapikia wenzake, na anayetaka kupanda cheo hupimwa hapo. Haombi mtu, huitwa.

Siku moja bega lilimkaza Mzee Kwok, akamtupia Cikuru mwiko. Cikuru akababaika. Badala ya mapishi ya Kichina aliyoyachungulia mwaka mzima, mikono yake ilirudia mapishi ya Bukavu. Alikaanga mboga na vitunguu, akamwagia ndagala za chakula chake mwenyewe. Harufu ya visamaki ikajaa jiko.

Mzee alimaliza bakuli, akajaza la pili. Kisha akapiga meza. "Fo-tau jeung-gwan!"

Watu wakaangua kicheko. "Amekuita jenerali wa jikoni," dereva akafafanua.

"Jenerali? Hapana, Mzee! Mimi majenerali niliwakimbia kwetu!"

"Wale hawajui kupika. Kesho njoo saa nne. Sinki nimempa mwingine."

Jumapili ile Emérence alitangulia kanisani akiwaambia watu: "Mpisheni jenerali!"

Mwaka 2017, Cikuru alipokuwa akisimamia meko yote na mboga zake zikiagizwa hata na polisi, Mzee Kwok alihamia Columbus kwa binti yake. Mzee alipokwisha kuingia garini, Cikuru alijikaza akauliza: "Mzee, nikikwama nikupigie simu?"

Mzee alishusha kioo. "Uniulize chumvi? Onja mwenyewe!"